Mayai Kumi na Tisa

Barua zako, Ostap, zilifika zimetobolewa madirisha
kwa mkasi wa mtu asiyetujua.
Jina la uwanja, hamna. Jina la mji, hamna.
Ndege yenyewe na kiti chako cha mkiani,
bunduki nne na giza lote la nyuma, hamna.
Mkasi uliliachia yai.

"Mama, leo nimekula yai la kukaanga."
Basi. Na salamu kwa farasi.

Mama hakujua Kiingereza; nilimfasiria mimi,
miaka kumi na mmoja, nimekalia sanduku la kuni,
theluji ya Manitoba imefika kwenye kitasa.
Akasema: Wanamlisha. Mungu ashukuriwe, wanamlisha.
Akachukua ndoo akaenda bandani
akawasimulia kuku.

Wiki iliyofuata, yai. Siku nne, yai tena.
Nikawa nachora mistari kwa mkaa nyuma ya jiko
na Mama akiihesabu kama mwenye duka ahesabuvyo faida.
Kumi na mbili. Kumi na tano.
Kwa Hanka Bodnaruk alijisifu hadi chai ikapoa:
Huko Uingereza yai moja mtu hulisubiri wiki nzima,
mwanangu anakula kama askofu!

Pasaka akakuandikia moja kwa nta,
jekundu, kulungu wawili na jua,
akalifunga kwa sufu, akalituma kuvuka bahari ya vita.
Ukajibu: "Limefika zima. Ninatembea nalo."

Kumi na tisa.

Kisha Bwana Rennick wa stesheni akaja mwenyewe,
akakaa juu ya farasi
muda mrefu kuliko unaohitajika kushuka.

*

Miaka thelathini na moja baadaye, Winnipeg, mkahawani,
Clifford Pettigrew, aliyelala kitanda cha pili kutoka chako,
aliletewa sahani akaisukuma.
Sili mayai, akasema.
Tulipewa siku ya kuruka tu.
Ukiliona yai mchana, unajua usiku umekuita.
Na anayerudi hupewa la pili alfajiri,
kwa hiyo tulitaniana mezani:
usiporudi, la kwako langu.

Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua.
Nililila la kwake, akasema.
Lilikuwa limeshakaangwa.

Mama alikuwa kaburini mwaka wa tisa.
Sikulazimika kuamua nimwambie au nisimwambie.
Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nilirudi nyumbani nikavuta jiko.
Mistari bado ilikuwepo, na sasa kila mmoja
una mji chini yake, na mji una majiko,
na jikoni kuna mama ameinama, hajasikia bado king'ora.
Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, wamesema wahenga.
Katika methali hiyo, kaka, sijui nikuweke wapi,
wewe uliyelia siku nzima nilipokanyaga kifaranga.
Nimekutafutia nafasi miaka mingi.
Nakuweka, nakutoa.

Nilikuita kaka. Leo mjukuu wangu ana ndevu kukuzidi,
nami naongea nawe kwa sauti ya kumwambia mtoto avae kofia.

Ukuta umepakwa rangi mara tano.
Kila jiko likiwaka sana mkaa unajitokeza,
kijivu, kama jasho.
Nilikuwa nikidhani hesabu imekamilika.
Lakini siku ile ya mwisho pia walikukaangia, Ostap,
nawe ulikula, ukafuta sahani kwa mkate kama desturi yako,
ukavaa soksi juu ya soksi,
ukalitia lile jekundu kwenye glavu,
na barua uliiacha ya kuandika kesho.

Jana nimepiga magoti, nimechora wa ishirini.
Mkono unatetemeka; umekwenda upande.
Kuinuka ndiyo imekuwa kazi.